Maswali ya wasomaji: Saratani ya tezi dume inapofika mifupani

Barua za toleo hili zimeelemea upande mmoja. Wengi wenu mnauguza wazee waliotibiwa saratani ya tezi dume, na miezi au miaka baadaye mkaambiwa "imefika kwenye mifupa". Tumeanza na swali la msingi. Ila wewe ambaye mgonjwa wako ana maumivu ya mgongo na miguu imeanza kumwishia nguvu, ruka hayo yote, nenda swali la tano kwanza. Mengine utayasoma ukirudi hospitali.

1. Shikamooni. Baba alitibiwa saratani ya tezi dume, sasa tunaambiwa ana saratani ya mifupa. Ina maana ana magonjwa mawili? Na mbona bado anaandikiwa dawa za tezi dume?

Marahaba. Ugonjwa ni mmoja, umehama tu. Mtaalamu wa maabara akitazama kwa hadubini kipande cha mfupa kilichochukuliwa kwa baba, atakuta seli za tezi dume zimekaa katikati ya mfupa, na kwa kawaida bado zinatoa PSA, ile protini mnayopimiwa kwenye damu. Saratani ya mfupa yenyewe huanzia kwenye seli za mfupa, na dawa zake ni nyingine kabisa.

Kwa hiyo dawa zinamfuata aliyehama, si nyumba aliyohamia. Seli iliyofika ubavuni bado inataka testosteroni kama ilivyoitaka ilipokuwa chini ya kibofu. Jambo hili lilionyeshwa na Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges huko Marekani mwaka 1941: wagonjwa walioondolewa korodani au kupewa estrojeni walipata nafuu, hata maumivu ya mifupa yakapungua. Huggins alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966 kwa kazi hiyo, na mpaka leo kushusha testosteroni ndiyo nguzo ya tiba.

Mkihamia hospitali nyingine, semeni "saratani ya tezi dume iliyosambaa mifupani". Mkisema "saratani ya mifupa" mtapoteza muda kwa daktari asiyehusika.

2. Mwili una viungo vingi. Kwa nini ugonjwa huu unapenda mifupa, tena mgongo na nyonga? Na inakuwaje unampata hata mtu aliyekwisha kuondolewa tezi miaka mitano iliyopita?

Kuna njia, na kuna makazi. Ukikosa kimojawapo huelewi.

Njia kwanza. Veni zinazotoa damu kwenye tezi dume zimeungana na mtandao wa veni unaopanda sambamba na uti wa mgongo, na mtandao huo hauna vali. Kwenye veni za miguu vali huzuia damu isirudi nyuma. Hapa hakuna kizuizi, damu huenda mbele au kurudi kadiri shinikizo la tumbo linavyobadilika. Mwaka 1940 Mmarekani Oscar Batson aliingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei katika veni ya uume wa maiti, akaiona ikipanda hadi kwenye fupanyonga na pingili za mgongo. Tangu hapo mtandao huo unaitwa kwa jina lake. (Tafadhali msianze kumkataza mzee kukohoa au kujikamua chooni eti ataisukuma saratani. Damu hupita huko maisha yote, na hilo halizuiliki.)

Lakini njia peke yake haitoshi. Uvimbe huachia seli nyingi kwenye damu, na karibu zote hufa njiani. Chache zinazoshika ni zile zilizopata pa kushika. Daktari wa upasuaji Mwingereza, Stephen Paget, aliandika mwaka 1889, baada ya kupitia rekodi za wanawake waliokufa kwa saratani ya matiti, kwamba ugonjwa hausambai ovyo: mbegu hupeperushwa kila upande, ila huota kwenye udongo unaoifaa tu.

Kwa saratani ya tezi dume, udongo huo ni uboho mwekundu, ule unaotengeneza damu. Mtu mzima anao zaidi kwenye pingili za mgongo, fupanyonga, mbavu, mfupa wa kifua, fuvu, na ncha za juu za mifupa ya mapaja na mikono. Linganisha na ripoti yoyote ya mgonjwa wa namna hii, utaona orodha ni ileile. Vidole vya mikono na nyayo huguswa kwa nadra sana. Ndani ya uboho kuna seli zinazotoa kemikali iitwayo CXCL12, kazi yake ikiwa kuziita seli mama za damu zirudi nyumbani. Seli za saratani ya tezi dume nazo zina kipokezi cha kemikali hiyo, CXCR4. Zinausikia wito usio wao, zinaingia, zinagombania na seli za damu vile vyumba vidogo vilivyo karibu na ukuta wa mfupa.

Zikiishaingia, zinaweza kulala. Hazigawanyiki, hazitoi PSA ya kupimika, na skani haizioni. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili: seli zilitoka kabla ya upasuaji, zikalala, na baada ya miaka kitu kikaziamsha. Upasuaji haukukosewa, ila ulikuta mbegu zimekwisha kupeperuka. Hii ndiyo sababu PSA huendelea kupimwa miaka mingi baada ya tezi kuondolewa.

Kuhusu ukubwa wa tatizo: uchunguzi wa maiti 1,589 za wanaume wenye saratani hii, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba kati ya wale ambao ugonjwa ulisambaa kwa njia ya damu, 9 katika 10 ulikuwa mifupani.

3. Ripoti ya eksirei inasema pingili "imeongezeka uzito". Mimi nilidhani saratani hula mfupa. Je, si habari njema?

Hapana, ndugu yetu, ingawa tunaelewa kwa nini umefarijika. Mfupa ulio hai uko kwenye ukarabati kila siku. Kuna seli wabomoaji, osteoklasti, na wajenzi, osteoblasti, na kwa mtu mzima kazi zao zinalingana. Saratani nyingine, kama ile ya matiti mara nyingi, huegemea ubomoaji, na eksirei huonyesha matundu meusi. Ya tezi dume huegemea ujenzi. Seli zake hutoa vichocheo, kama endothelini-1, vinavyowahimiza wajenzi wafanye kazi bila kupumzika. Pingili hujaa, ikatoka nyeupe pe kwenye picha. Madaktari wa picha huiita pingili ya pembe ya ndovu.

Tatizo ni aina ya ujenzi. Mfupa mzima hujengwa kwa matabaka, nyuzi za kila tabaka zikielekea upande mmoja, na ndiyo maana hubeba mzigo. Huu wa haraka haraka nyuzi zake zimekwenda shaghalabaghala. Ni sawa na nguzo iliyojazwa zege bila nondo: nene kwa macho, lakini ikipata uzito inapasuka.

Kisha chini ya ujenzi huo wabomoaji nao wako kazini. Wajenzi wakisisimuliwa hutoa RANKL, ishara inayowaita wabomoaji. Mfupa ukibomolewa huachia vichocheo vya ukuaji vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani yake, na saratani inavila na kuzidi kukua. Ndiyo sababu dawa za kuzuia wabomoaji husaidia hata pale picha inapoonyesha mfupa umezidi.

Angalieni mambo mawili yanayotokana na hali hii. Kwanza, ujenzi huvuta kalsiamu kutoka kwenye damu, hivyo inaweza kushuka: midomo na vidole kuwashawasha, misuli kukakamaa. Pili, uboho ukibanwa, damu hupungua, na mzee huchoka na kupauka. Kumjazia vidonge vya madini ya chuma kabla ya kujua sababu ni kupoteza muda, kwa kuwa huenda chuma anacho, anachokosa ni nafasi ya kutengenezea damu.

4. Nimetumia dawa miezi miwili. PSA imeshuka kutoka 180 hadi 12 na maumivu yamepungua, lakini skani ya mifupa imeonyesha madoa mapya matatu. Niache dawa?

Usiache. Peleka majibu yote mawili kwa daktari wako pamoja na tarehe uliyoanza dawa, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo inayofafanua picha.

Skani hii haioni saratani. Unachomwa sindano ya dawa yenye teknesiamu-99m, madini yenye mionzi hafifu, unasubiri saa 2 hadi 4 ukinywa maji, unakojoa, ndipo unapigwa picha. Dawa hiyo hukimbilia mahali mfupa unapojengwa. Sasa fikiria: tiba imeua seli, mfupa umeanza kujitibu, wajenzi wako kazini. Doa dogo lililokuwa halionekani linawaka. Kwenye picha linaonekana jipya, kumbe ni kovu linalojengwa. Hali hii hutokea zaidi katika wiki 12 za mwanzo. Ndiyo maana watafiti wa dawa wamejiwekea kanuni: madoa mapya mawili au zaidi kwenye skani ya kwanza baada ya kuanza tiba hayatoshi kusema ugonjwa umeendelea, mpaka skani inayofuata, wiki 6 au zaidi baadaye, ionyeshe mengine mawili.

Doa moja peke yake nalo lisikutie hofu haraka. Ubavu uliowahi kuvunjika, yabisi ya viungo, hata jino bovu, vyote huwaka. Mwambie mpiga picha kama uliwahi kuanguka.

Kuna upande wa pili pia. Baadhi ya seli huacha kutoa PSA huku zikiendelea kukua. Maumivu mapya yakija na PSA iko chini, usikubali kuambiwa "namba ni nzuri" yakaishia hapo.

5. Baba ana miaka 71, ugonjwa uko mgongoni. Wiki hii maumivu yamemzunguka kifuani kama mkanda, akilala yanazidi. Tangu juzi anajikokota, jana alishindwa kunyanyuka kwenye kiti. Kliniki yake ni Alhamisi ijayo. Tumwongezee dawa ya maumivu kwa sasa?

Msingoje Alhamisi. Mpelekeni leo, hata kama ni usiku, kitengo cha dharura.

Maelezo yako yanaashiria kubanwa kwa ugwe mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili. Uvimbe unaotoka kwenye pingili, au pingili iliyoporomoka, huukandamiza. Kwanza veni hubanwa na ugwe unavimba, na hapo hali bado inaweza kurudi. Baadaye damu safi haifiki, neva zinakufa, na hazioti tena. Kati ya hatua hizo mbili zinaweza kuwa siku, wakati mwingine saa. Anayeanza tiba akiwa bado anatembea kwa kawaida huendelea kutembea. Aliyeanza akiwa amekwisha kupooza mara nyingi harudi kwenye miguu yake.

Mkifika mapokezi, msiseme "mgongo unamuuma", maana kila mtu unamuuma. Semeni hivi: "Ana saratani ya tezi dume kwenye uti wa mgongo na miguu imeanza kuishiwa nguvu tangu juzi." Sentensi hiyo ndiyo inayofungua milango. Ombeni MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) ya uti wote, siyo kiuno peke yake, kwa kuwa ugwe unaweza kubanwa sehemu zaidi ya moja, na maumivu ya kiuno yanaweza kuwa yanatokea kifuani. Picha inatakiwa ndani ya saa 24.

Kwa kawaida atapewa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, mara nyingi miligramu 16 kwa siku, pamoja na dawa ya kulinda tumbo na kupimwa sukari, kisha mionzi au upasuaji. Upasuaji huwa na maana zaidi pale pingili imelegea au mifupa iliyovunjika ndiyo inayobana.

Njiani alale chali, ageuzwe mwili mzima kwa pamoja kama gogo, asipindishwe kiuno.

Kosa tunaloliona zaidi kwenye barua zenu ni mkojo. Mzee akishindwa kukojoa, familia husema "ni ile tezi yake", anawekwa mpira wa mkojo, anarudishwa nyumbani. Choo kikikwama, lawama huenda kwa mofini. Kwa mgonjwa mwenye saratani mgongoni, kukwama kwa mkojo au choo pamoja na miguu mizito, au ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, kuhesabiwe kuwa ni mgongo mpaka MRI iseme vingine.

Wengine ambao hali haijafika huko, fanyeni hivi mara moja kwa wiki: mwambieni ainuke kitini bila kushika kitu, kisha mpitishieni pamba kutoka unyayoni hadi kifuani, akiwa amefumba macho, aseme kama anaihisi sawasawa pande zote. Si kipimo cha daktari, ila mabadiliko ya wiki hii na iliyopita mtayaona nyinyi kabla ya mtu mwingine.

6. Daktari aliniandikia vidonge vya bikalutamidi wiki moja kabla ya sindano ya homoni. Sindano ndiyo dawa yenyewe, vidonge vya nini?

Ni ngao, mzee wetu, uvimeze. Sindano kama goserelini hufanya kazi kwa kuichosha tezi ya ubongoni inayoamuru korodani. Kabla haijachoka, huamka kwanza: wiki ya kwanza au mbili testosteroni hupanda, ndipo inaporomoka, na hukaa chini ya kiwango kinachotakiwa, nanogramu 50 kwa desilita, baada ya wiki 3 au 4 hivi. Katika kupanda huko uvimbe wa mgongoni unaweza kutanuka na kubana ugwe. Vidonge, kwa kawaida miligramu 50 kwa siku, huziba mlango wa testosteroni kwenye seli mpaka kipindi hicho kipite.

Kwa mgonjwa ambaye mgongo uko hatarini na hajawahi kupewa tiba ya homoni, madaktari wengi huchagua degarelikisi, ambayo haina kupanda huko, au kuondoa korodani, ambako kiwango hushuka ndani ya saa chache.

7. Nimeambiwa nikamwone daktari wa meno kabla ya sindano ya mifupa. Meno na nyonga vinahusiana vipi?

Dawa hizo, asidi ya zoledroniki au denosumabu, huwafunga wabomoaji tuliowataja. Taya hujikarabati kwa kasi kuliko mifupa mingi. Jino liking'olewa wakati wabomoaji wamefungwa, shimo linaweza kukataa kupona, mfupa ukabaki wazi kwa wiki nyingi na kuoza. Kwa hiyo meno mabovu yatolewe kwanza, fizi zipone, ndipo sindano ianze. Ukiwa umeanza, usiende kung'oa bila kusema unatumia dawa gani.

Zoledroniki hutolewa kwa dripu, miligramu 4, isiyopungua dakika 15. Ikikimbizwa huumiza figo, na figo zipimwe kila mara. Denosumabu, miligramu 120 chini ya ngozi kila wiki 4, haitegemei figo kwa kiasi hicho, lakini hushusha kalsiamu zaidi. Vyote viwili huambatana na kalsiamu na vitamini D.

Si kila mwenye ugonjwa mifupani anazihitaji kwa dozi hiyo. Faida yake imeonekana kwa wale ambao tiba ya homoni imeacha kufanya kazi. Ambaye tiba hiyo bado inamsaidia huenda akahitaji dozi ndogo tu, ya kuzuia mifupa kulegea kutokana na kukosa testosteroni, mfano denosumabu miligramu 60 kila miezi 6. Jina la dawa ni lilelile, dozi mbalimbali, kwa hiyo soma namba kwenye boksi. Nayo haiachwi ghafla bila mpango, kwani wabomoaji hurudi kwa pamoja na pingili zinaweza kuvunjika.

8. Jirani yetu alipigwa mionzi siku 10 kwa ajili ya maumivu ya nyonga. Mume wangu amepangiwa siku moja tu. Wanatupunja?

Hapana, dada. Kwa maumivu ya mfupa ambao haujavunjika wala kubana neva, dozi moja ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi) hupunguza maumivu sawa na ile iliyogawanywa siku 10. Tofauti ni kwamba waliopata moja huhitaji kurudia mara nyingi zaidi, na kurudia kunaruhusiwa. Takriban 6 katika 10 hupata nafuu.

Ila nafuu haiji kesho yake. Inaweza kuchukua hadi wiki 4, na siku mbili tatu za mwanzo maumivu yanaweza kupanda. Hapo ndipo wengi huacha mofini kwa kudhani mionzi imekwisha kufanya kazi. Aendelee nayo kwa saa alizopangiwa, si kusubiri maumivu yamzidi, na kila anayeandikiwa mofini aandikiwe pia dawa ya kulainisha choo kuanzia siku ya kwanza. Mofini ikitumiwa hivyo kwa maumivu ya saratani haimgeuzi mtu mlevi, na wala si ishara kwamba amekatiwa tamaa.

Maumivu yakiwa sehemu nyingi na ugonjwa uko mifupani tu, kuna radiamu-223, dawa yenye mionzi inayochomwa kwenye veni kila wiki 4 mara 6. Mwili huidhania ni kalsiamu, huipeleka mahali mfupa unapojengwa, na mionzi yake haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Isichanganywe na abirateroni, dawa nyingine ya saratani hii, pamoja na predinisoloni, kwani mchanganyiko huo uliongeza kuvunjika kwa mifupa.

9. Je, tumkande mgongo kwa mafuta ya moto? Na atembee au alale?

Kupaka na kupapasa kwa mkono mwepesi hakuna neno. Kumkandamiza, kumkanyaga au kumnyoosha mgongo mpaka ulie, hapana, pingili zenyewe ni zile za zege bila nondo. Atembee. Kulala mchana kutwa hulegeza misuli, hugandisha damu miguuni na kuzidi kudhoofisha mifupa. Akiinua kitu, kisizidi kile anachoweza kushika kwa mkono mmoja bila kukunja uso, na njia ya kwenda chooni usiku iwe na taa na isiwe na zulia linaloteleza.

Akianza kusikia maumivu ya paja kila akikanyaga, yakitulia akikaa, asilazimishwe kutembea. Apewe mkongojo, apigwe eksirei ya paja zima toka nyonga hadi goti. Ukuta wa mfupa ukionekana umelika zaidi ya nusu, daktari wa mifupa huweka chuma ndani kabla haujavunjika, na upasuaji huo ni mwepesi kuliko ule wa kuunganisha paja lililokwisha kukatika.